"Refugee" na "fugitive" si kitu kimoja

Ndugu wa Nyakato, umeuliza kama "fugitive" kwenye barua unayoitafsiri ni mkimbizi. Hapana, tafadhali usiandike hivyo. Utamsafisha anayetafutwa na polisi, au siku nyingine utamchafua asiye na kosa.

Shina ni moja: "fugere" la Kilatini, kukimbia. Ila "refugee" limepitia "refugium", yaani kimbilio. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, wakiwaita hivyo Waprotestanti waliokimbia Ufaransa hasa baada ya mfalme Louis XIV kufuta Amri ya Nantes, iliyowapa uhuru wa kuabudu, mwaka 1685. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna mahali pa kujisitiri, kama mtumbwi unaokimbilia ghuba ziwa likichafuka. "Fugitive" lina mbio tu.

Aliyeiba injini ya boti Kirumba akajificha Ukerewe ni "fugitive": andika mtoro, au mtu anayetafutwa. Aliyevuka mpaka kutoka Burundi akihofia kuuawa ni "refugee", mkimbizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi unadai awe nje ya nchi yake. Kama bado anasubiri uamuzi wa serikali, andika mwomba hifadhi.