Gari linalosumbua kuwaka asubuhi: lipime kabla halijapata joto

Ndugu yangu, umeeleza kwamba gari lako la petroli, unalolilaza nje huko Sakina, hukulazimisha kupiga stata mara nne au tano kila asubuhi, ilhali mchana linawaka kwa mguso mmoja, na kwamba umeshanunua betri mpya kwa ushauri wa fundi bila nafuu yoyote. Ninakujibu kwa urefu kwa sababu yalinikuta hayo hayo hapa Ngaramtoni, Arusha, katika baridi ya Juni na Julai, nami nilinunua betri na seti nzima ya plagi kabla ya kukifikia kifaa kilichokuwa kibovu kweli.

Kesho alfajiri, kabla ya kufungua boneti, sikiliza jinsi injini inavyozunguka, kwa maana watu huchanganya matatizo mawili. Kama injini inazunguka kwa uzito na taa za dashibodi zinafifia, tatizo ni umeme. Kama inazunguka upesi lakini haishiki, hata ukiweka betri tatu hutasaidika, kwa kuwa kinachokosekana ni mafuta, cheche, au taarifa sahihi katika kompyuta ya gari.

Upande wa umeme hauchukui muda ukiwa na mita ya kupimia umeme. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu ya chaji, na wakati wa kupiga stata haifai ishuke chini ya volti 9.6 au karibu na hapo. Usisahau waya wa ethi, unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, ambao mafundi wengi hawauangalii: gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya huo umechoka au umeshika kutu mahali ulipofungwa, na mara nyingi spana na kipande cha msasa vinatosha kuutibu.

Gari langu lilikuwa la kundi la pili. Injini ilizunguka vizuri kabisa, lakini haikushika mpaka jaribio la nne, na taa ya injini haikuwahi kuwaka. Nililipeleka gereji mara mbili, na mara zote mbili nilifika saa tano, likawaka palepale mbele ya fundi, ambaye hakuwa na cha kuona. Kilichonifumbua macho ni safari ya Moshi. Nililala huko siku mbili, na asubuhi zote mbili gari liliwaka kwa jaribio la pili. Moshi iko chini kuliko Arusha kwa zaidi ya mita 500, na asubuhi yake ina joto zaidi, kwa hiyo nilianza kuamini kwamba baridi yenyewe ndiyo iliyokuwa inafichua ubovu.

Injini ya baridi huhitaji petroli nyingi zaidi, kwa sababu petroli haigeuki mvuke kwa urahisi ndani ya chuma kilichopoa. Kompyuta hujua kwamba injini ni ya baridi kupitia sensa ya joto la maji. Sensa hiyo ikidanganya kwamba injini ina joto, kompyuta hupunguza mafuta, nawe unapiga stata mpaka petroli ijikusanye kidogo kidogo. Mchana injini huwa imepata joto kweli, uongo wa sensa unakuwa hauna madhara, na gari linawaka.

Siku iliyofuata nilitoka saa 12 asubuhi na mita na tochi. Katika gari langu zilikuwepo sensa mbili karibu na thamostati, ile vali inayodhibiti maji ya kupozea injini: ya waya mmoja, inayopeleka habari kwenye geji ya dashibodi, na ya waya mbili, inayopeleka kwenye kompyuta, ndiyo maana geji ilisoma sawa muda wote. Nilichomoa soketi ya ile ya waya mbili na kupima ukinzani wake kwa umeme. Sensa nyingi za aina hii husoma kati ya omu 2,000 na 3,000 katika nyuzi joto 20, zaidi ya hapo kukiwa na baridi, na hushuka hadi omu 200 au 400 katika nyuzi 80. Yangu, katika ubaridi ule ambao pumzi ilikuwa inaonekana, ilisoma omu 380. Niliibadilisha injini ikiwa imepoa, nikaongeza maji yaliyomwagika kwenye rejeta na kutoa hewa, na asubuhi iliyofuata gari lilishika kwa jaribio la kwanza.

Kama sensa yako itasoma vizuri, shuku presha ya mafuta kushuka usiku kwa sababu ya vali ya pampu au injekta (kinyunyizio cha petroli) inayovuja. Washa swichi bila kupiga stata, subiri sekunde tatu, zima, rudia mara mbili, kisha piga. Likiwaka upesi kwa njia hiyo, fundi apime presha kwa geji; lakini lisipobadilika usiiondolee pampu lawama, kwa kuwa katika baadhi ya magari pampu haifanyi kazi mpaka injini izunguke. Wakati wote huo usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, na uipumzishe nusu dakika kabla ya kurudia, isije ikaungua nayo ikawa tatizo jingine.

Na ukilipeleka gereji, liache lilale huko, umwombe fundi aliwashe yeye mwenyewe asubuhi, mita ikiwa mkononi.