Kabla ya Kuchagua Tyubu, Piga Hesabu

Msomaji mmoja ametuma ujumbe wenye uchungu. Amenunua priampu ya tyubu (kikuza mawimbi kinachotangulia amplifaya), sura yake nzuri, tyubu mbili za 12AU7 zinang'aa mbele, akaiunganisha kati ya DAC yake (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme) na amplifaya ya transista. Akizungusha voliumu kidogo tu, kabla alama haijafika ilipo namba 8 kwenye saa ya ukutani, sebule nzima inapiga kelele. Akishusha, spika ya kushoto inanyamaza wakati ya kulia bado inaimba. Na hata voliumu ikiwa sifuri, zile spika ndogo za sauti nyembamba zinatoa "shhh". Anauliza anunue tyubu gani badala ya hizo.

Asinunue. Tyubu zake huenda ni nzima kabisa. Aliruka hesabu ambayo wauzaji hawapendi kuitaja, kwa sababu haing'ai gizani.

DAC na mashine za CD kwa kawaida hutoa hadi volti 2. Geuza amplifaya yako au fungua kijitabu chake, utafute kiasi cha volti inachohitaji ili kufika nguvu yake yote. Tuseme ni volti 1. Maana yake chanzo tayari kina mara mbili ya kinachotakiwa, kabla priampu haijafanya lolote. Sasa weka katikati hatua moja ya 12AU7 inayokuza mara 15. Njia nzima ina uwezo wa volti 30 mahali panapotaka 1, kwa hiyo voliumu inalazimika kukata karibu desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha kukuza au kupunguza) ili amplifaya ifike kileleni tu. Usikilizaji wa kawaida wa nyumbani uko chini ya hapo kwa desibeli nyingine 20 au zaidi. Ndiyo maana alama haiondoki chini, na huko chini ndiko potenshiomita za kaboni, yaani vidhibiti vya voliumu vya kuzungusha, zinakotofautiana zaidi kati ya kushoto na kulia.

Kwa chanzo cha volti 2, ukuzaji wa mara 2 hadi 4 unatosha watu wengi. Priampu ikitangazwa kwa desibeli 20, hiyo ni mara 10. Muuzaji akishindwa kukwambia namba hiyo, ondoka.

Kuhusu ile "shhh", uliza voliumu imekaa wapi kwenye saketi. Priampu nyingi huiweka kabla ya tyubu. Kelele ya tyubu yenyewe inazaliwa baada ya hapo, kwa hiyo haishuki hata ukizungusha hadi sifuri. Kipunguzi, yaani resista chache za kushusha mawimbi, ukikiweka upande wa chanzo utasaidia voliumu, lakini kelele itabaki palepale. Kiweke kati ya priampu na amplifaya, kelele na ukuzaji vitashuka pamoja. Vinatosha vipande viwili kwa kila upande: resista ya kiloomu 22 kwenye njia ya mawimbi, kisha ya kiloomu 10 kutoka hapo kwenda ardhi. Kwa amplifaya yenye impedansi (ukinzani dhidi ya mawimbi) ya kuingilia ya kiloomu 47, utapunguza kama desibeli 11. Viunganishe karibu na amplifaya, ndani ya plagi ya RCA ikiwezekana, maana waya mrefu baada yake utaanza kula sauti nyembamba.

Hesabu ya pili ni ya impedansi. Impedansi ya kutokea ya priampu iwe angalau mara 10 chini ya ile ya kuingilia ya amplifaya. Amplifaya za tyubu kwa kawaida zina kiloomu 47 hadi 100 na hazina masharti magumu. Baadhi ya za transista zina kiloomu 10 tu, na hapo ndipo priampu nyingi nzuri huaibika. Tazama pia kapasita ya kutokea, ile inayozuia DC na kupitisha mawimbi. Kapasita ya mikrofaradi 1 ikikutana na kiloomu 10, besi inaanza kukatwa kwenye 16 Hz, jambo la kuvumilika. Ya mikrofaradi 0.47 inakata kwenye 34 Hz, na besi ya chini utaisikia imekonda. Watu huita hali hiyo "sauti laini ya tyubu". Si ulaini, ni kapasita ndogo.

Upande wa sauti nyembamba nao una mtego wake. Hatua ya 12AX7 isiyo na kathodi folowa (hatua ya mwisho isiyokuza, ya kushusha impedansi ya kutokea), yenye resista ya anodi (sehemu ya tyubu inayopokea elektroni) ya kiloomu 100, ina impedansi ya kutokea ya karibu kiloomu 38. Iunganishe na waya wa mita 5 wenye pikofaradi 100 kwa kila mita, na sauti nyembamba zinaanza kuporomoka karibu na 8 kHz. Utasema spika zina giza, utanunua spika nyingine, na giza utahama nalo. Ukipenda amplifaya ikae mbali, tafuta priampu inayomalizia kwa kathodi folowa. Ya 12AU7 hushuka hadi omu mia kadhaa, ya ECC88 hadi karibu omu 100.

Hapo ndipo majina ya tyubu yanaanza kuwa na maana. 12AX7, au ECC83, ina kipimo cha ukuzaji cha 100. Kwake ni kwenye fono, yaani saketi ya santuri, ambako katriji ya aina ya MM inatoa milivolti chache tu na inahitaji kama desibeli 40 pamoja na urekebishaji wa RIAA, unaorudisha uwiano wa besi na sauti nyembamba. Kwenye hatua ya kawaida inayopokea DAC au CD ni kama nyundo ya kuvunjia yai. 12AU7 na 6SN7 ziko karibu na 20, nazo ndizo za kutazama kwanza. 6SN7 ni kubwa zaidi na ina soketi ya pini 8. ECC88, yaani 6DJ8, iko kwenye 33, inafanya kazi vizuri kwa volti ndogo, na anodi yake haitakiwi kuvuka volti 130.

Msichomeke ovyo jamani. 12AU7 na ECC88 zote zina pini 9 na zinaingia soketi moja bila kulalamika. Soketi iliyofungwa kuipa 12AU7 volti 12.6 kati ya pini 4 na 5 itaipa hita (waya unaopasha tyubu moto) ya ECC88 mara mbili ya volti 6.3 inazotaka. Utaona mwanga mkali kuliko kawaida, kisha basi.

Kuna pia vile visanduku vyenye taa ndogo ya rangi ya chungwa chini ya tyubu. Taa ikiwaka mara tu unapobonyeza swichi, hiyo ni LED. Hita ya kweli huchukua sekunde kadhaa kuanza kung'aa. Adapta ya volti 12 peke yake si ushahidi wa udanganyifu, kwa sababu baadhi huongeza volti humo ndani. Uliza tu anodi inapata volti ngapi. Kwa 12AU7 iliyopewa kazi yake, jibu huwa kati ya 100 na 250.

Kabla ya kulipa, omba kusikiliza bila muziki. Ziba viingilio kwa plagi za RCA ambazo pini na ganda zimeunganishwa pamoja, pandisha voliumu hadi katikati, sogeza sikio kwenye spika. Mngurumo mzito wa kasi ileile ya umeme wa ukutani, 50 au 60 Hz, mara nyingi ni hita inayolishwa AC au mzunguko wa ardhi, yaani vifaa kuunganishwa ardhini kwa njia zaidi ya moja. Ukiwa wa mara mbili yake na wenye ukali kidogo, shuku kapasita za pawasaplai. Kisha gusa kila tyubu taratibu kwa kifutio cha penseli. "Ting" fupi ni kawaida. Ikilia kama kengele na kuendelea kuvuma, irudishwe. Doa la fedha kioo cha juu likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia.

Kuwasha: priampu kwanza, subiri dakika moja, kisha amplifaya. Kuzima: amplifaya kwanza. Priampu isiyo na rilei (swichi ya umeme) ya kunyamazisha hutupa volti kwenye kutokea wakati kapasita zinajaa, na koni ya besi itakuonyesha kwa kuruka. Baada ya hiyo dakika, pima DC kwenye kutokea kwa maltimita. Milivolti chache si neno, lakini kikibaki kiasi cha nusu volti, kapasita inavuja. Kifuniko usikifungue kama hujui kutoa chaji. Volti 250 hukaa kwenye kapasita hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiiuze. Nunua resista nne, mbili za kiloomu 22 na mbili za kiloomu 10, za metali filamu, robo wati zinatosha. "Shhh" ikipungua na alama ya voliumu ikasogea kuelekea 10, acha tyubu zako zikae. Spika ya kushoto ikiendelea kuchelewa kuamka hata hapo, badilisha potenshiomita.