Re: Nimemaliza mseto, kipimo bado kinasoma malaria

Habari mkuu. Kwa hiyo dozi ya mseto, dawa ya malaria, umemaliza, homa imeisha, ila wiki moja baadaye kipimo cha haraka kimetoa mistari miwili tena. Usikimbilie dozi nyingine. Hapa maabara tunawapata wengi kama wewe kila msimu wa mvua. Kile kipimo hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinanasa protini yake, na hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa vimelea vikishakufa. Kwanza omba kipimo cha hadubini, damu ipakwe kwenye kioo. Vikionekana humo, daktari ataamua dawa. Homa ikirudi na kioo ni safi, chanzo huenda ni kingine, siwezi kukitaja kwa mbali. Na usikubali kuandikiwa taifodi kwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi, peke yake!