Picha zangu zote zinafanana, nifanyeje?

SWALI: Nimepewa kitabu cha watoto cha kurasa 24, hadithi ya mtoto wa pwani anayemtafuta baba yake mvuvi. Nimeshachora picha kumi, na zote ni mtoto kasimama katikati, nyumba nyuma yake, jua kwenye kona. Mhariri anasema zimepooza. Mawazo mapya nitayatoa wapi?
Mchoraji chipukizi, Tanga

JIBU: Mchoraji mwenzangu, hizo kumi ziweke kando kwanza. Umekimbilia rangi mapema, na picha ikishapakwa rangi moyo unakataa kuifuta.

Chukua karatasi moja ya A4, uchore visanduku kumi na viwili vya ukubwa wa kiberiti, vyote vya tukio moja: mtoto anafika ufukweni, ngalawa haipo. Kila kimoja dakika mbili, maumbo meusi na meupe tu, macho na vidole viache. Vitatu vya mwanzo vitakuwa vilevile ulivyozoea. Ukifika cha sita hivi utaishiwa, na hapo ndipo mkono huanza utundu: utamtazama mtoto kutoka juu ya mnazi, au kutoka ndani ya dema, ule mtego wa samaki, kupitia matundu yake, au utamsukuma chini kabisa kwenye kona, mdogo kama punje ya mchele, bahari tupu ikitawala ukurasa mzima. Mimi ningechukua hicho cha punje ya mchele.

Mawazo usiyatafute kwenye vitabu vya watoto peke yake, utaishia kuiga. Tandaza kanga. Pindo limezunguka, mji uko katikati, na jina, yaani yale maneno ya kanga, limetengewa nafasi yake. Halikubandikwa juu ya maua baadaye. Wengi wetu tunachora kwanza, kisha tunahangaika maneno yakae wapi. Yahesabu maneno kama umbo mojawapo la picha, uyawekee nafasi tangu kwenye kisanduku.

Halafu tafuta picha ya Mjapani Hiroshige ya bustani ya miti ya plamu huko Kameido, ya mwaka 1857. Mti umesogezwa karibu mno hata kingo za karatasi zimeukata, na watu wanaonekana wadogo kwa mbali, kati ya matawi. Mchoraji Mholanzi Van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta mwaka 1887, kwa hiyo nawe usione haya kuinakili. Kisha badilisha: shina liwe mlingoti wa dau.

Kuna na upande wa kusoma. Macho yetu huenda kushoto kwenda kulia, basi mtoto anayetafuta mwelekeze kulia, aende na hadithi. Baba akirudi, aingie kutokea kulia, wakutane uso kwa uso.

Ila uso wa mtu usiuweke kwenye mshono wa kitabu! Niliwahi kumchora bibi katikati ya kurasa mbili. Kitabu kikajalidiwa kwa gundi, pua na jicho moja vikamezwa. Kosa langu, sikuuliza. Cha kurasa 24 mara nyingi hubanwa kwa pini na hufunguka vizuri zaidi, lakini wewe uliza. Picha inayofika ukingoni, izidishe milimita 3 nje kwa ajili ya kisu cha mchapaji.

Ukimaliza visanduku vya kitabu kizima, vipange sakafuni kwa mfuatano, simama mbali, finya macho. Viwili vinavyofuatana vikiwa na mtoto wa ukubwa uleule, kimoja kichore upya. Kisha mpelekee mhariri vikiwa bado vya penseli.