Kumsimulia mtoto Vita vya Vietnam

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kumweleza mwanao wa miaka 12 Vita vya Vietnam bila kumlisha upande mmoja. Mimi ningeanza na jina. Sisi tunaviita Vita vya Vietnam. Wavietnam wenyewe huviita vita vya Marekani. Mwulize kwa nini, halafu mwache ahangaike nalo kidogo.

Mgawanyo wa Vietnam wa 1954 kuwa Kaskazini na Kusini, na uchaguzi wa kuiunganisha wa 1956 ambao haukufanyika, pitia haraka. Ila Ghuba ya Tonkin usiiruke. Agosti 1964 Marekani ilitangaza kwamba meli zake zimeshambuliwa huko mara mbili na Vietnam Kaskazini, na Bunge lao likampa Rais Johnson ruhusa ya kutumia nguvu. Shambulio la pili, la tarehe 4, halikutokea. Mtoto wa umri huo ataelewa. Kisingizio anakijua kuliko sisi.

My Lai, kijiji ambako wanajeshi wa Marekani waliua mamia ya raia, usimfiche, picha tu ndizo uziache. Msimulie Hugh Thompson, rubani wa Kimarekani ambaye Machi 1968 alitua helikopta yake kati ya wanajeshi wenzake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia. Wanangu walinirudisha hapo mara tatu: “Wenzake walimfanya nini?” Wengi walimwona msaliti. Medali ya Mwanajeshi (Soldier's Medal) kwa kitendo kile alipewa 1998.