Re: Sabufa ya inchi 12, nifunge boksi au niweke bomba?
Mkuu kwa chumba chako mimi nakwambia funga boksi kabisa, lisiwe na tundu. Boksi la bomba (lenye tundu la kupitishia hewa) linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, hilo kweli, ila chini ya ile Hz (mitetemo kwa sekunde, ikipungua besi inakuwa nzito zaidi) uliyolitune boksi, koni ya spika inakosa hewa ya kuishika, inaruka hovyo mpaka koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagonga, na sauti inashuka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 24 kila Hz zikipungua nusu, la kufungwa ni 12 tu. Ila cheki kwanza karatasi ya vipimo vya spika, Qts (namba ya jinsi spika inavyojizuia kutikisika) ikiwa kama 0.3 hiyo inataka bomba, ikifika 0.5 funga bila kujiuliza. Tumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya mm 18, ndani weka mbao za kukaza, gundi kila kiungo hewa isivuje.

Na amplifaya kubwa achana nayo kwanza, wati mara mbili zinakupa desibeli 3 tu, wakati kuisogeza sabufa kwenye kona ya chumba ni bure na besi inapanda sana. Kona ikivuma, weka sabufa pale unapokaaga, piga mziki, zunguka ukutani umeinama, besi ikisikika safi hapohapo ndo iweke.