Zima kwanza dawa ya mbu: maswali ya wiski kutoka Tanga

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Pangani na Muheza, na karibu zote zina lalamiko moja: wiski zote zinafanana, zinachoma tu. Kwa jinsi zinavyonywewa, si ajabu zikifanana. Ukurasa huu ni wa wanaokunywa na waliotimiza miaka 18, asiyetumia hatumshawishi.

Tuko wanne hapa Chumbageni, tumechangishana tununue chupa nne tuzilinganishe. Tuchukue zipi, na tuanzeje?

Msichukue nne za aina moja zilizopishana bei tu. Chukueni zilizotengenezwa kwa njia tofauti: Jameson, Glenfiddich ya miaka 12, Jack Daniel's na Johnnie Walker Black Label. Nne hizi ni za kawaida madukani na kila moja ina lake la kufundisha.

Glenfiddich ni ya Uskoti, ya kimea cha shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja, na hukenekwa kwenye vyungu vya shaba. Vuteni harufu yake mkitafuta peasi bivu la Lushoto. Black Label ni mchanganyiko: wiski za shayiri kutoka viwanda kadhaa, pamoja na wiski nyepesi ya nafaka inayotoka kwenye mtambo wa mnara, aina ambayo mvumbuzi Aeneas Coffey aliisajili mwaka 1830. Ndani yake mna moshi kidogo. Jameson ni ya Ayalandi, imekenekwa mara tatu, na sehemu ya shayiri yake haikuoteshwa kuwa kimea. Ndiyo maana ni laini lakini ina utamu wa viungo kwa mbali. Jack Daniel's asilimia 80 ya nafaka yake ni mahindi. Kabla ya kuingia kwenye pipa hudondoshwa kupitia mkaa wa mti wa mepo (maple), kisha hulazwa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Vanila na sukari guru mnayoinusa humo imetoka kwenye pipa, haikutiwa.

Someni asilimia kwenye lebo kabla ya kumimina. Chupa ya aina ileile huweza kuuzwa ikiwa na 40 au 43 kutegemea soko, na mtu asiyejua huisifia ile ya 43 kwa sababu ya nguvu tu. Kusawazisha ni rahisi: mililita 30 za asilimia 43 zikiongezwa nusu kijiko cha chai cha maji zinashuka karibu na 40.

Mimineni mililita 15 kwa kila glasi, si zaidi. Glasi nne ni mililita 60, yaani toti mbili za mililita 30, na hapo bado mnaonja. Mkizidisha mnakuwa mmeanza kunywa, na kila kitu kitakuwa kitamu. Anayerudi na pikipiki ateme kwenye kikombe. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba. Ndogo ya mvinyo inafaa. Ya soda iliyonyooka inaiachia harufu yote iende na upepo.

Sasa kosa la pwani. Jioni mnakaa barazani, mtu anawasha dawa ya mbu ya kuzungusha, chini ya meza. Kuanzia hapo glasi zote nne zina moshi, na mtabishana hadi usiku ni ipi iliyofukizwa. Zimeni. Udi na ubani navyo visubiri, na aliyejipulizia manukato akae upande ambao upepo unaelekea. Mishkaki ya pilipili ije baadaye, kashata na kahawa chungu vilevile. Kati ya glasi na glasi, kula kipande cha boflo kavu na funda la maji.

Anzeni na Jameson, kisha Glenfiddich, kisha Jack Daniel's, na Black Label mwisho, kwa kuwa moshi ukitangulia unakaa puani. Glasi ishikeni usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, mvute taratibu. Mkizamisha pua ndani mnavuta spiriti peke yake na pua inakufa ganzi dakika kadhaa. Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi, msilitolee hukumu.

Mkishazijua, pimaneni. Mmoja amimine glasi tatu wengine wakiwa ndani: mbili za chupa moja, ya tatu ya chupa nyingine, alama ya karatasi ya gundi chini ya kitako. Anayeonja aitafute isiyofanana na wenzake. Akibahatisha tu ana nafasi moja kati ya tatu. Kupatia mara tatu mfululizo kwa bahati ni moja kati ya 27. Anayejitapa kwamba "mimi natambua" hapo ndipo huanza kulalamika kuwa ana mafua.

Joto la Raskazone hili, kunywa bila barafu ni adhabu. Kweli barafu inaharibu?

Kwa kunywa, weka barafu upendavyo, hakuna polisi. Kwa kulinganisha, iache. Baridi kali huficha harufu, halafu barafu hukuzidishia maji bila kukuuliza: kipande cha gramu 25 kikiyeyuka chote ndani ya mililita 30 za asilimia 40, umebaki na takriban asilimia 22.

Lakini una haki kulalamikia joto. Wiski ya nyuzi 31 hutoa spiriti nyingi puani kabla ya harufu nyingine yoyote. Poza chupa, usipoze glasi, maana glasi ya baridi kwa unyevu wa Tanga hutoka jasho hadi ndani. Chupa iliyojaa ikae kwenye friji (si friza) kama saa moja. Iliyobaki robo, nusu saa yatosha. Unatafuta nyuzi 18 hadi 20. Ukiimimina mapema itapanda tena mkononi mwako, kwa hiyo mimina ukiwa tayari.

Kisha ongeza maji kwa kijiko cha chai, ambacho ni mililita 5. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40, ukiweka vijiko viwili inashuka hadi 30, na hapo harufu nyingi hufunguka. Zile kali zinazotoka kwenye pipa zikiwa na asilimia 60 zinahitaji vijiko vitatu ili zifike 40. Weka kimoja, onja, kisha kingine. Maji ukishayatia huyatoi.

Yawe maji ya chupa yasiyo na ladha. Ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na fenoli (kemikali za moshi) za wiski ya moshi huzaa harufu ya dawa. Ya kisima chenye chumvichumvi hata usiyajaribu.

Shemeji ametoka Ulaya kaniletea wiski ya Laphroaig. Inanuka hospitali! Imeharibika?

Haijaharibika. Inanuka inavyotakiwa kunuka, na shemeji amekupa kitu cha bei.

Inatoka Islay (hutamkwa Aila), kisiwa cha magharibi ya Uskoti. Kimea cha shayiri ni lazima kikaushwe, na huko hukikausha kwa moshi wa piti: udongo wa mimea iliyooza kwenye vinamasi kwa maelfu ya miaka, unaokatwa mfano wa matofali, kuanikwa, kisha kuchomwa. Moshi wake huacha fenoli kwenye punje, na fenoli ni jamaa wa harufu za dawa za kuua wadudu hospitalini na za lami. Kwa mtu wa pwani kuna njia fupi ya kuielewa. Kumbuka makumbi ya nazi yanayofuka polepole chini ya samaki, na jirani yake mwani ulioanikwa juani. Ukishayaweka hayo mawili kichwani, hospitali huondoka, au angalau husogea wodi ya mbali.

Namba za fenoli utakazoona zikitajwa, sehemu 40 au 50 kwa milioni, kwa kawaida hupimwa kwenye kimea kabla ya kupikwa. Sehemu kubwa hupotea njiani, kwa hiyo namba kubwa si lazima iwe moshi mwingi kinywani. Anza na mililita 15, vijiko viwili vya maji, baada ya chakula. Na kipande cha nguru wa kukaanga pembeni hakidhuru.

Wiski na dafu vinaendana, au ni ushamba?

Vinaendana sana, na sababu iko kwenye mbao. Mwaloni una laktoni, kemikali ambazo zikiwa nyingi hunuka nazi waziwazi, na mwaloni wa Marekani unazo nyingi kuliko wa Ulaya. Baboni (bourbon), wiski za Marekani, sharti zilale kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, kwa hiyo huzibeba kwa wingi. Ukizikutanisha na dafu unakutanisha nazi na nazi.

Kipimo: sehemu moja ya wiski, tatu za maji ya dafu, na kinywaji kinakuwa na asilimia 10 hivi. Liwe dafu, si koroma, kwa kuwa maji ya koroma yana ukali unaogombana na mbao. Likatwe wakati huohuo, lipozwe likiwa zima, barafu usiweke. Sukari na ndimu hazina kazi hapo. Baboni au Jack Daniel's ndiyo bora. Blendi (mchanganyiko) nyepesi inapita. Ya moshi mzito tumeijaribu kwa uwiano huohuo: ladha ni ya dafu lililoangukia jikoni.

Ya miaka 18 ni bora kuliko ya 12?

Ni ghali zaidi. Namba ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, na umri huhesabiwa ndani ya pipa tu. Chupa ya miaka 12 uliyoificha kabatini miaka kumi bado ni ya 12. Uskoti sheria inataka angalau miaka 3 kwenye mwaloni. Huko pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka, wenyewe wanaita fungu la malaika. Kwenye joto malaika wana kiu zaidi: wiski ya Amrut ya Bengaluru, India, hukomaa kwa miaka michache tu, na ikiachwa pipa litabaki tupu. Hivyo usilinganishe miaka ya nchi ya baridi na ya nchi ya joto.

Kizibo kimekatikia ndani, na nikiweka barafu wiski inakuwa na ukungu. Nimwage?

Usimwage. Chuja kwa karatasi ya kahawa au kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni, hamishia kwenye chupa kavu. Kilichokula kizibo ni kulazwa: mvinyo hulazwa, wiski husimamishwa, kwa sababu spiriti kali huozesha kizibo. Ukungu ni mafuta yaliyomo kwenye wiski yanayojitenga kwenye baridi, hasa kwa wiski ambazo hazikuchujwa zikiwa baridi kiwandani. Hauna madhara na ukipashwa moto wa mkono hupotea. Ikishabaki theluthi, hamishia kwenye chupa ndogo au imalize ndani ya miezi michache, hewa inaifubaza. Na isikae juu ya friji. Pale pana joto.

Mbona zingine zimeandikwa "whisky" na zingine "whiskey"?

Uskoti hawaweki e, Ayalandi wanaweka, Marekani wengi wanaweka lakini si wote. Ladha haiguswi.

Nitajuaje kama si feki?

Stempu ya kodi ya TRA shingoni iwe nzima, na uihakiki kwa programu ya simu ya TRA. Kizibo kisizunguke kabla ya kukatika pete. Soma lebo hadi maandishi madogo: kama ni spiriti iliyotiwa ladha na rangi, si wiski, hata ikiwa na picha ya kulungu. Na chupa tupu za wageni zikiisha, vunja au chana lebo kabla ya kuzitupa, maana kuna wanaozinunua.